Tahadhari: krimu ya "mimea tupu" inayong'arisha uso kwa siku nne

Nawatahadharisha wenzangu juu ya muuzaji wa mtandaoni anayenadi krimu ya uso akidai kwamba imetengenezwa kwa mzizi wa urukususu na majani ya mforosadi peke yake. Niliinunua kwa ajili ya madoa ya chunusi, na siku ya nne, nilipoona uso umetakata, nilimwagiza kopo la pili. Kasi ile ndiyo iliyopaswa kunishtua.

Mimea yenyewe si uzushi. Glabridini iliyomo katika urukususu huzuia tairosinezi, kimeng'enya ambacho seli za ngozi hukitumia kutengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi. Lakini inazuia melanini mpya tu, na ile iliyokwisha kutengenezwa hubaki mpaka ngozi ya juu ijibandue yenyewe, kazi inayochukua takriban mwezi mmoja, kwa hiyo mabadiliko, kama yapo, huja baada ya wiki nyingi. Krimu inayotakatisha kwa siku chache ni ya kushukiwa kuwa imetiwa steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi), kama klobetasoli, ambayo hubana mishipa midogo ya damu na kupausha ngozi upesi. Nyingine hutiwa haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, au zebaki, na zebaki hupenya ngozi ikaharibu figo.

Nilipoacha kuipaka, uso uliwaka moto na kujaa vipele, na daktari wa ngozi akaniambia kwamba ndivyo ngozi inavyofanya steroidi inapokatishwa ghafla. Kopo halikuwa na orodha ya viambato wala jina la mtengenezaji. Muuzaji, nilipomdai orodha hiyo, alijibu kwamba mchanganyiko ni siri ya ukoo wao, kisha akanizuia nisiweze kumwandikia tena.

Hata neno "mmea" lenyewe lisiwalaze usingizi. Rododendroli, kampaundi inayopatikana katika mimea, ilitiwa katika vipodozi vya kampuni ya Kanebo ya Japani, ambavyo viliondolewa sokoni mwaka 2013 baada ya maelfu ya watumiaji kupata mabaka meupe. Na hiyo ilikuwa bidhaa yenye lebo kamili.

Aliyekwisha kuitumia krimu hii asilitupe kopo, bali aende nalo kwa daktari, na amuulize namna ya kuiacha kabla hajaikatisha.