Bata bandia wa mabawa yanayozunguka: tazama bawa juani kabla hujalipa

Kila msimu wa kuwinda bata huko Marekani lalamiko huwa ni lile lile: bata bandia wa kuvutia bata-mwitu ni mpya, betri imejaa, mabawa yanazunguka, lakini malard (aina ya bata-mwitu) wakifika mita 60 wanageuka na kupotea. Mnunuzi anailaumu mota. Mara nyingi kosa liko kwenye rangi.

Kinachomvuta bata aliye mbali ni giza na weupe kupishana: bawa lina upande mweusi-kijivu na upande mweupe. Upande wa giza ukiwa na mng'ao, jua likiupiga nao unawaka. Kupishana kunakufa, na kinachobaki ni mmweko mmoja kama wa kioo. Basi ukiwa dukani achana na habari za kasi ya mabawa. Litoe bawa nje, liinamishe polepole juani. Ukiona mstari wa mwanga unatembea kwenye upande wa giza, lirudishe. Kama umeshanunua, likwaruze kidogo kwa msasa namba 400, kisha pulizia rangi isiyong'aa, tabaka mbili nyembamba. Ukipaka nzito upande mmoja, mabawa yanapishana uzito, na bata mzima anatetemeka juu ya nguzo yake.

Namba moja kwangu ni King Mallard wa kampuni ya Mojo, na sifichi upendeleo wangu. Mabawa ya akiba yanauzwa peke yake, kwa hiyo rangi ikichakaa hununui bata mwingine. Siku ya jua msimamishe mita 15 hivi pembeni mwa pale unapotaka bata watue, jua likiwa mgongoni mwako, ili macho yao yasielekee ulikojificha. Mawingu yakitanda mzime, au mwashe kwa sekunde chache tu wakiwa bado mbali. Wakianza kushuka, zima. Hapo ndipo rimoti inapohitajika.

Namba mbili ni kamba ya kuvuta kwa mkono, inayotikisa bata bandia wanaoelea majini, na siku ya mawingu yasiyo na upepo inapanda kuwa ya kwanza. Funga nanga ya kilo 2, mpira wa kuvutika wa mita 1, bata wa kuelea 4, kisha kamba nyeusi ya mita 25 hadi ulipojificha. Vuta kwa mkupuo mfupi, legeza, acha mawimbi yasambae. Haihitaji betri, na hata jimbo la Washington, ambako bata bandia wa umeme wamekatazwa, unaitumia. California nako wa mabawa yanayozungushwa kwa umeme hawaruhusiwi tangu msimu uanze hadi Novemba 30.

Wale wa bei ya chini wasio na jina? Mabawa yao mengi ni ya plastiki inayong'aa. Nunua ukiwa na msasa na rangi mkononi.

Kinachoudhi ni bei ya kwenye boksi. Unalipa zaidi ya dola 100, unafika nyumbani na mara nyingine unakuta rimoti inauzwa kando, hata betri na chaja pia. Kifaa ambacho hakifai siku ya mawingu bila rimoti hakipaswi kuuzwa bila rimoti. Mwambie muuzaji akupigie hesabu ya vyote pamoja kabla hujatoa pesa.