Kupiga mbizi: kulala botini au kulala Mafia?

Anayeshuka kutoka Mbeya kwenda kupiga mbizi kwa mitungi ana njia mbili. Boti ya kulala humohumo inampa mizamo mitatu hadi minne kwa siku, maana anaamka tayari yuko juu ya mwamba. Akikaa hoteli Mafia, mara nyingi ni miwili, kisha nchi kavu. Huko kichefuchefu hupungua, na mwenzake asiyezama ana pa kutembea. Bei? Boti ni ghali, tusidanganyane.

Kinachonivuta upande wa Mafia ni naitrojeni, gesi inayojikusanya mwilini ukizama na inayoweza kutoa mapovu hatari ukipanda juu mapema. Mizamo ya siku mfululizo huiacha mwilini, na kabla ya kupanda ndege unahitaji walau saa 18. 24 ni salama zaidi. Sisi wa nyanda za juu hata basi halituokoi: mlima Kitonga njiani unakupandisha ghafla, na Mbeya yenyewe iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mafia, siku hiyo ya kusubiri unaelea juujuu kwa miwani na mrija ukitazama papa potwe, hasa Oktoba hadi Februari. Botini siku hiyo unailipia ili kukaa tu sitahani.