Maji ya kunywa Dodoma bila katoni za chupa: kipi ununue, kipi uache

Familia ya watu watano, kila mmoja akinywa lita mbili kwa siku (na kwa jua la Dodoma la Oktoba hizo si nyingi), inamaliza lita kumi. Ukiyanunua maji hayo kwenye chupa za lita moja na nusu, kila siku unatupa chupa sita au saba. Kwa mwaka zinapita 2,400, kutoka nyumba moja tu. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza Juni 1, 2019 lilipunguza sana takataka mitaani, lakini chupa za maji hazikuhusika. Baadhi huokotwa na kuuzwa kwa kilo. Nyingine huchomwa nyuma ya nyumba, au hukaa korongoni mpaka mvua ya kwanza izisukume mtaroni.

Kwetu Ipagala tulinunua katoni kwa miaka mitatu. Haikuwa anasa, ilikuwa chumvi. Chai ilikuwa haiivi vizuri mdomoni na watoto walikataa maji ya bomba kabisa. Kwa hiyo kabla hujatoa hela yoyote, onja maji yako mwenyewe. Maji mengi ya mji huu yanatoka chini ya ardhi, kwenye visima vya Mzakwe, na baadhi yetu tunategemea visima vya mtaani, hivyo ladha ya kwako inaweza kuwa tofauti na ya jirani wa mtaa wa pili. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi chumvi. Chokaa kidogo hutuama, ndiyo ule ukoko mweupe kwenye birika, lakini chumvi inabaki, na ukiyaacha yatokote muda mrefu inazidi kukolea kwa sababu maji yanapungua.

Nafasi ya kwanza: mtungi wa udongo na sufuria yenye mfuniko

Kama maji yako yananyweka, usiende mbali zaidi ya hapa. Chemsha jioni, yaache yapoe na kutuama usiku, asubuhi mimina ya juu kwenye mtungi. Yakishatokota kwa nguvu, dakika moja inatosha kwa mwinuko wetu wa mita zipatazo 1,100. Wengi tumezoea kuyaacha hata dakika ishirini, na huko ni kuchoma mkaa bure.

Mtungi unapoza kwa kutoa jasho. Maji yanapenya udongo, upepo unayakausha kwa nje, na joto linaondoka nayo. Pwani, kwenye hewa ya unyevunyevu, mtungi haupozi kama hapa. Ukavu wa Dodoma tunaoulalamikia kila kiangazi ndio unaofanya kazi ya friji, bila luku.

Wangu niliupata mnadani kwa mama mmoja aliyekuwa amepanga vyungu chini, na alinifundisha kuchagua. Ugonge kwa kifundo cha kidole: mzima unalia, wenye ufa unatoa sauti butu. Uinue uutazame ndani ukielekea jua. Usichukue uliopakwa rangi ya mafuta hata kama unapendeza, kwa sababu rangi inaziba vitundu na mtungi hautatoa jasho. Ukifika nyumbani ujaze maji, mwaga kesho yake, rudia siku tatu mpaka harufu ya udongo ipungue. Uweke kivulini penye upepo, juu ya kigoda au mchanga, na ununue kata yenye mpini mrefu ili mkono usiguse maji. Baada ya miezi utaona unga mweupe kwa nje. Hiyo ni chumvi. Isugue kwa brashi na maji matupu. Sabuni usitumie, udongo unainywa na utaionja wiki nzima.

Nafasi ya pili: chupa kubwa ya kubadilisha

Hii ndiyo ya kwanza kwa wenye maji ya chumvi kali. Ina ujazo wa lita 18.9, karibu sawa na chupa kumi na tatu za lita moja na nusu. Ni plastiki, ndiyo, lakini inarudi na kujazwa tena na tena. Mara ya kwanza unalipia chupa, baadaye unalipia maji tu. Kataa iliyopangwa juani nje ya duka, yenye mikwaruzo mingi, yenye rangi ya kijani ndani, au ambayo kifuniko chake kinaonekana kimeshafunguliwa. Dispensa ya umeme si lazima. Pampu ndogo ya mkono inatosha, na ukiyamimina kwenye mtungi yanapoa vizuri kabisa.

Masika nayo yatumie. Paa la bati la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 10 linateremsha lita 500, na maji hayo hayana chumvi. Acha mvua ya mwanzo ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kinga zinazofuata, chemsha. Kuanzia Desemba hadi Machi sisi hatununui maji kabisa.

Nafasi ya tatu: chujio la mishumaa

Mishumaa yake ni vichujio vya kauri vyenye umbo la mshumaa, ambavyo maji hupenya. Linafaa nyumba ambayo hakuna mwenye muda wa kuchemsha. Chagua la chuma kisichoshika kutu, na kabla ya kulipa hakikisha mishumaa ya akiba inapatikana hapa hapa mjini. Mshumaa wenye ufa hauchuji chochote. Chumvi halitoi, muuzaji akikuambia vinginevyo mwache.

Nafasi ya nne: mashine ya kuondoa chumvi

Inatoa maji matamu kweli. Shida ni kwamba kwa kila lita moja inayokupa, mashine nyingi za nyumbani zinamwaga lita mbili, tatu au zaidi, na kwenye mtaa wenye mgawo wa maji hilo linaniuma. Ukiinunua, kinga yale yanayomwagwa uyatumie chooni na kudekia. Vichujio vyake navyo ni vya plastiki na hubadilishwa mara kwa mara. Mimi ningeiacha kwa ofisi, hosteli na familia kubwa.

Katoni za chupa nimeziweka mwisho kwa makusudi. Ziwe za msiba, sherehe na safari, basi.

Watoto wa shule wanunulie chupa ya chuma yenye mdomo mpana kiasi cha brashi kuingia, na uandike jina chini kwa msumari. La kalamu linafutika kabla ya Ijumaa.