Hadithi za picha za African Storybook: tulivyozichapa na kuzisoma Moshi

Binti yangu ana miaka 7 na yuko darasa la pili. Kusoma anajua, lakini mpaka mwaka huu alikuwa anasoma kwa ajili ya mwalimu tu, kwa sababu nyumbani hapakuwa na cha kusoma zaidi ya vitabu vya kiada. Nilipozunguka madukani hapa mjini Moshi nilikuta vitabu vya maswali na majibu kwa wingi, na vitabu vya picha vya Kiswahili vichache mno. Ndipo nilipogeukia African Storybook, maktaba ya hadithi za watoto iliyomo kwenye intaneti, na baada ya kuitumia miezi kadhaa naipendekeza kwa moyo wote.

Maktaba hiyo ilianzishwa mwaka 2014 na Saide, taasisi ya elimu ya Afrika Kusini, na ina hadithi katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Kuzisoma ni bure, kuzipakua ni bure, na leseni yake inaruhusu mtu kuzichapa, kuzitafsiri na hata kuzirekebisha, ilimradi majina ya mwandishi na mchoraji yabaki mahali pake. Zipo pia kwenye programu ya simu ambayo, ukishapakua hadithi, unaisoma bila bando.

Kinachonifurahisha zaidi ni mpangilio wake wa viwango 5. Cha kwanza kina maneno machache tu chini ya kila picha, na cha mwisho kina hadithi ndefu ambazo mtu mzima humsomea mtoto. Mzazi asichague kwa kuangalia darasa la mtoto. Mimi nilianza na kiwango cha tatu nikidhani ndicho kinachomfaa, nikamwona anakwama na kufunga. Nilipomrudisha cha pili alimaliza hadithi nzima kwa kikao kimoja, kidole kikifuata neno kwa neno, kisha akairudia kwa sauti akimsomea mdogo wake.

Kwa kuwa yeyote anaweza kuandika na kutafsiri humo, mzazi aisome kwanza hadithi kabla ya kumpa mtoto. Nyingi zina Kiswahili cha Kenya, na hilo mimi naliona kuwa utajiri. Siku mwanangu alipokutana na neno “matatu” alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Mama, matatu gani, mayai?” Nikamweleza kwamba ndiyo daladala ya wenzetu, na tangu hapo daladala zote za kwenda Kibosho kwa bibi yake zimekuwa matatu.

Simu haitoshi, hata hivyo. Mtoto anahitaji kitabu cha kushika, cha kulala nacho, cha kuandika jina lake kwenye jalada. Hadithi ya kurasa 16 inaingia kwenye karatasi 4 za A4 zikichapwa pande zote mbili na kukunjwa katikati. Kwenye steshenari ninayoitumia, upande mmoja wa rangi ni shilingi 500, kwa hiyo kitabu kizima kinanigharimu shilingi 4,000. Mara ya kwanza, kwenye steshenari nyingine, nilisema tu “nichapie”, nikapewa kurasa zisizofuatana, kuku akiwa ameshataga kabla hajajenga kiota. Sema mapema kwamba unataka kijitabu, na pini zipigwe katikati kwenye mkunjo. Zikipigwa pembeni kitabu hakifunguki vizuri na picha inamezwa.

Vitabu hivi visimfanye mtu aache kununua vya wachapishaji wetu. Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia waandishi na wachoraji wa Tanzania tangu mwaka 1991, na Mkuki na Nyota pamoja na E&D Vision wanatoa vitabu vya watoto ambavyo karatasi na rangi zake steshenari haiwezi kuzifikia. Nikienda Dar es Salaam narudi navyo.

Hadi sasa tumechapa vijitabu 11. Viwili tumeviacha Kibosho, kwa sababu bibi hakukubali viondoke: jioni anataka asomewe, na mjukuu akiruka mstari, anamrudisha.