Viunganishi vya Kadee namba 148 kwenye behewa la kuunga mwenyewe: uzoefu wangu

Kama una hela ya kuboresha kitu kimoja tu kwenye mabehewa yako ya treni za mfano za HO (kipimo cha 1:87), rangi na stika zisubiri. Nunua viunganishi vya kuunganisha behewa na behewa, namba 148 vya kampuni ya Kadee ya Marekani, na ukiagiza usisahau kipimo chao cha urefu wa kwenda juu kutoka relini, namba 205. Mimi nimevifunga kwenye behewa la mizigo la plastiki, lile la futi 40 la Kimarekani, ambalo huja vipande vipande ndani ya boksi.

Kiunganishi chenyewe ni cha chuma na kina taya linalojifunga, mfano mdogo wa kile ambacho Eli Janney alipata hataza yake Marekani mwaka 1873. Namba 5 ya zamani inahitaji kibati cha springi cha kuirudisha katikati. Namba 148 ina visharubu viwili ubavuni vinavyofanya kazi hiyo, kwa hiyo unaitumbukiza kwenye kisanduku chake, unafunika, basi. Kilichobaki cha kukutoa jasho ni kispringi cha taya. Kikichomoka, kitafute kwenye zulia hadi kesho. Fanyia kazi ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha.

Kifuniko cha kisanduku kifunge kwa skrubu. Gundi huingia ndani kimyakimya na kiunganishi kikaganda. Mafuta pia hapana, maana yanakusanya vumbi. Unga mkavu wa grafaiti kidogo tu unatosha.

Sasa urefu wa kiunganishi kutoka relini, na hapa ndipo watu wengi wanalaumu kiunganishi bure. Weka kipimo relini, sogeza behewa, tazama kama mataya yanalingana. Langu lilikuwa chini kidogo, nikaweka washa nyembamba kati ya bodi na fremu ya magurudumu. Kipimo hichohicho kinaonyesha kama ule waya unaoning'inia chini ya kiunganishi uko sawa. Ukishuka mno utakwama kwenye makutano ya reli, ukipanda mno sumaku ya kuachanisha mabehewa haitaushika. Na tukizungumzia sumaku: ekseli za chuma cha kawaida huvutwa nayo, behewa likaanza kutembea lenyewe. Chagua zisizonaswa na sumaku.

Behewa lenyewe nalipa alama za wastani. Mistari ya mbao na rivet imetoka vizuri, ila sakafu ilikuja imepinda, na uzito ulikuwa mdogo mno. NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa treni za mfano, kinapendekeza kwa HO aunsi 1, kisha nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu wa behewa. Behewa la inchi 6 lifike aunsi 4, yaani kama gramu 113. Bila uzito huo, treni ndefu ikivutwa kwenye kona, mabehewa ya katikati huvutwa ndani na kuanguka. Nimebandika nati za chuma sakafuni, pande zote mbili sawa, kabla ya kufunga paa.

Skrubu za fremu za magurudumu zina siri yake. Ya mbele ikaze hadi fremu izunguke tu bila kuyumba; ya nyuma ilegeze kidogo ili iyumbe pia kulia na kushoto. Hivyo magurudumu yote hukanyaga reli hata pale isipotulia sawasawa. Magurudumu ya plastiki yaliyokuja kwenye boksi niliyatupa, yanaokota uchafu haraka.

Mwenye mabehewa ya Kiingereza ya OO (kipimo cha 1:76) asikate tamaa. Mengi ya kisasa yana kifuko cha kuchomekea kiunganishi, cha kiwango cha Ulaya kiitwacho NEM 362, na Kadee wanatengeneza namba 17 hadi 20 za kuchomeka humo, zikitofautiana kwa urefu wa shingo. Anza na 18. Ukiona mabehewa yanagusana kwenye kona, panda hadi 19.