TAHADHARI: Bolti za inchi zinauzwa kwa jina la M8

Ndugu mafundi na wamiliki wa pikipiki, ninawatahadharisha kuhusu muuzaji wa mtandaoni anayetangaza boksi la bolti 100 za M8 (bolti za vipimo vya milimita), daraja la 8.8 (kipimo cha uimara wa bolti), kwa shilingi 45,000. Boksi nililonunua kwake lilijaa bolti za inchi, yaani 5/16 zenye nyuzi 18 kwa kila inchi, na lebo ya M8 ilikuwa imebandikwa juu ya lebo nyingine.

Udanganyifu huu ni mgumu kuuona kwa macho. Bolti ya 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, M8 ina milimita 8. Nyuzi za zote mbili zimechongwa kwa pembe ya digrii 60. Na hata kichwa cha hiyo ya inchi, chenye upana wa nusu inchi, hushikwa na spana namba 13 kikilegea kidogo tu. Tofauti iko kwenye hatua, yaani umbali kutoka uzi mmoja hadi unaofuata, ambao kwa M8 ya kawaida ni milimita 1.25 na kwa hiyo nyingine ni 1.41. Ndiyo maana bolti huingia kwa vidole mizunguko miwili hivi, kisha hukaza, na fundi akidhani ni kutu au mchanga ndani ya tundu, huchukua spana. Kufikia mzunguko wa tano nyuzi zimepishana kwa milimita 0.8, zaidi ya nusu ya hatua, na chuma cha bolti kimeanza kula alumini ya tundu.

Kijana ninayemfundisha kazi alikuwa akifunga kikanyagio cha mguu chini ya injini ya bodaboda, mahali panaposhikwa na bolti nne. Ya pili ilipogoma tuliifungua, ikatoka na alumini inayong'aa, imejisokota kwenye nyuzi zake kama waya mwembamba. Nimelazimika kutoboa upya matundu mawili na kuweka helikoili, yaani koili ya waya inayolipa tundu nyuzi mpya, kwa gharama yangu, na ninashukuru kwamba tuligundua gereji, kwa kuwa dereva huweka uzito wake wote juu ya chuma hicho akiwa amebeba abiria.

Kabla ya kulipa, tazama kichwa cha bolti. Ya milimita ya daraja la 8.8 hugongwa tarakimu hizo. Hizi zangu zilikuwa na mistari mitatu tu, alama ya bolti za inchi za Kimarekani, nami sikuitilia maanani. Kisha weka rula kandokando ya nyuzi na uhesabu ndani ya milimita 10: M8 ya kawaida itakupa hatua 8, ya 5/16 itakupa 7. Kama huna rula, laza bolti unayoiamini ubavuni mwa ile mpya, nyuzi kwa nyuzi, uzielekeze kwenye mwanga. Zisipolala pamoja kwa urefu wote, usinunue. Kwa M10 uwe makini zaidi, maana hata zilizo za milimita kweli huja kwa hatua ya 1.5 na ya 1.25, na haziingiliani.

Nilipomwandikia muuzaji alijibu kwamba bolti zote za namba 13 ni sawa, kisha akanifungia mawasiliano. Boksi, lebo zote mbili na risiti ninavyo, na ninaviambatanisha na malalamiko yangu kwa Tume ya Ushindani. Aliyekwisha kununua asizifunge kwenye injini, na atunze boksi lake pamoja na ushahidi wa malipo.