Alvin au Jason: nyambizi yenye watu au roboti ya waya?

Alvin ni nyambizi ndogo ya Marekani: rubani mmoja na watafiti wawili ndani ya tufe la titani. Jason ni roboti inayoongozwa kutoka melini kwa waya wenye nyuzi za kioo. Zote hufika mita 6,500, kwa hiyo kina hakiamui.

Muda ndio unaoamua mengi. Alvin huzama asubuhi na kutolewa jioni, muda wa saa nane hivi, na kushuka na kupanda hula sehemu kubwa ya saa hizo. Jason hupata umeme kutoka juu na marubani wake hupokezana zamu, hivyo hukesha sakafuni mwa bahari siku nzima au zaidi.

Kwa macho, Alvin haina mpinzani. Dirishani unapima kwa jicho nafasi kati ya mnyama na mwamba, ilhali skrini ya Jason huibana nafasi hiyo. Mwaka 1977 ndiyo iliyowashusha watafiti hadi chemchemi za maji moto za Galápagos.

Udhaifu wa Jason ni waya. Wimbi likiinua meli, waya hulegea kisha hukazwa ghafla. Roboti ya Japani, Kaiko, ilipotea 2003 baada ya waya kukatika. Alvin haina waya: huzamishwa na vyuma vizito, ikiviacha hupanda. Lakini kila miaka michache hufumuliwa yote.

Mwenye sampuli nyingi na timu kubwa melini achukue Jason. Anayesoma tabia ya viumbe mahali pamoja, Alvin.